Asali Mizanini: Magonjwa ya Ngozi Yalivyojibu Ilipopimwa

Asali haifichiki. Kidonge cha dawa kinaweza kutengenezewa pacha wake usio na dawa ndani, wa umbo lile lile na rangi ile ile, na mgonjwa akaumeza asijue amepewa kipi. Asali ina harufu yake, rangi yake na mnato wake. Anayeipaka usoni anajua amepaka nini kabla hajafunika chupa. Jambo hili linaonekana dogo, lakini limewasumbua watafiti wote waliojaribu kuipima kama dawa ya ngozi. Mtu aliyelelewa akiambiwa kwamba asali huponya huja kwenye jaribio na matumaini yake, na matumaini yana tabia ya kupunguza mwasho hata pale ambapo ugonjwa haujapungua.

Matumaini hayo hayakuota jangwani. Waislamu wanaikuta asali ikitajwa kuwa ni ponyo katika Sura ya An-Nahl. Katika misitu ya miombo ya Tabora, mfugaji wa nyuki hutenganisha asali ya kula na asali ya dawa, na asali ya nyuki wadogo wasiouma huuzwa kwa bei ya juu kwa sababu ya sifa yake ya kutibu. Kwa hiyo mgonjwa anapomuuliza mhudumu wa afya kama asali inatibu ngozi, swali lake lina historia ndefu. Wahudumu wengi hulijibu kwa mojawapo ya njia mbili: wengine hulicheka na kulipita, wengine hujibu kwamba asali haina madhara na apake tu. Majibu yote mawili yanamkosesha mgonjwa haki yake, kwa maana swali lenyewe bado halijakamilika. Ni asali ipi? Ni ugonjwa gani wa ngozi? Na ikilinganishwa na nini?

Kuna sababu za kisayansi za kuijaribu. Takriban asilimia 80 ya asali ni sukari, na maji yake huwa chini ya asilimia 20, kiwango cha juu kinachoruhusiwa na viwango vya kimataifa vya chakula. Kwa uchache huo wa maji, asali huyavuta maji kutoka kwenye kila kinachoigusa, bakteria wakiwemo, nao hunyauka. Ina ukali wa tindikali ambao vijidudu vingi havistahimili. Tena nyuki huichanganya na kimeng'enya ambacho, asali inapozimuliwa na unyevu wa kidonda, huzalisha haidrojeni peroksidi kidogo kidogo. Peroksidi ni jamaa wa ile dawa ya chupa inayotoa povu kwenye vidonda, ila hapa hutoka polepole na kwa kiasi kidogo. Kimeng'enya hicho huharibiwa na joto. Asali iliyochemshwa ili isigande dukani inaweza kuwa tamu kama ilivyokuwa, ikawa imekwisha kupoteza sehemu ya nguvu iliyotafutwa.

Hata hivyo, kuua bakteria ndani ya kisahani cha maabara ni jambo moja, na kuponya ngozi ya mtu ni jambo jingine. Pengo lililopo kati ya mambo hayo mawili limeonyeshwa vizuri na majaribio matatu yaliyofanywa na watafiti wa Medical Research Institute of New Zealand. Waliichukua asali ya aina moja na kuipeleka kwenye magonjwa matatu tofauti.

Asali hiyo ilitokana na maua ya kanuka, mti wa New Zealand ulio katika ukoo mmoja na mikaratusi, mipera na mikarafuu. Iliandaliwa kwa matumizi ya kitabibu na kuchanganywa na gliserini, asali ikiwa sehemu tisa na gliserini sehemu moja.

Ugonjwa wa kwanza ulikuwa rosasia. Huu ni ugonjwa sugu wa uso, hasa mashavu na pua, unaoleta wekundu usiotoka, vimishipa vya damu vinavyoonekana, na vipele ambavyo mtu huviita chunusi. Huja na kupungua. Jua, kinywaji cha moto au pilipili vinaweza kuuamsha. Katika ngozi nyeusi wekundu wake haujitokezi waziwazi, na kwa hiyo mara nyingi hukosewa na kutibiwa kama chunusi. Wapo pia wanaopata hali inayofanana nao sana baada ya kujipaka kwa muda mrefu mkorogo wenye steroidi. Kwa hao hatua ya kwanza ni kuachishwa krimu hiyo chini ya uangalizi wa daktari, na hakuna asali inayoweza kushika nafasi ya hatua hiyo.

Watu wazima 138 waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi mawili yaliyo sawa. Kundi moja lilipaka asali ya kanuka mara mbili kwa siku kwa wiki 8, na jingine likapaka krimu ya kawaida ya kulainisha ngozi. Kwa kuwa wagonjwa hawangeweza kufichwa walichopewa, watafiti walimficha mpimaji: aliyezitazama nyuso na kuzipa alama za ukali wa ugonjwa hakuambiwa nani alipaka nini. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionyesha kwamba takriban watu 34 katika kila 100 waliotumia asali walipata nafuu ya angalau alama mbili katika kipimo cha ngazi saba. Upande wa krimu ya kawaida walikuwa 17 katika kila 100.

Takwimu hizo zinastahili kutazamwa kwa utulivu, kwa kuwa zinasema mambo zaidi ya lile linalopendeza. Ni kweli kwamba waliopata nafuu kwa asali walikuwa mara mbili ya wale wa krimu, na hesabu zinaonyesha kwamba haielekei tofauti hiyo kuwa ni bahati tu. Lakini watu 17 katika kila 100 walipata nafuu ile ile bila asali yoyote. Wengi huingia katika utafiti, kama wanavyoingia kliniki, siku ambazo ugonjwa umewazidi. Ukiwa ni ugonjwa unaopanda na kushuka, wiki 8 baadaye baadhi yao watakuwa nafuu kwa vyovyote. Kama jaribio lisingekuwa na kundi la krimu, nafuu yote ya watu 34 ingeandikwa kwa jina la asali. Kwa hesabu ya kawaida, inapasa watu sita watumie asali ili mmoja wao apate nafuu ambayo krimu isingempa. Na thuluthi mbili ya waliopaka asali kwa uaminifu, asubuhi na jioni, hawakufikia kiwango hicho cha nafuu.

Kuna na kipengele kingine. Kutokana na idadi ya washiriki, watafiti hawakuweza kusema kwa uhakika kwamba asali ina nguvu mara mbili ya krimu. Walichoweza kusema ni kwamba nguvu yake halisi inaweza kuwa mahali popote kuanzia kuizidi krimu kwa sehemu moja tu katika kumi hadi kuikaribia mara nne. Isitoshe, gliserini nayo ni kilainishi cha ngozi chenye sifa zake. Jaribio lilipima mchanganyiko, na mchanganyiko ndio uliopata alama.

Ugonjwa wa pili ulikuwa chunusi, na hapa kila kitu kiliashiria ushindi. Bakteria wanaohusishwa na chunusi huuawa na asali maabara, na vijana wenye chunusi ni watu wanaotafuta dawa kwa bidii kuliko wagonjwa wengi. Watu 136 wenye umri wa miaka 16 hadi 40 walishirikishwa. Wote waliosha uso mara mbili kwa siku kwa sabuni ya kuua bakteria, kwa wiki 12. Nusu yao, baada ya kusuuza sabuni, walipaka asali ile ile ya kanuka na kukaa nayo dakika 30 hadi 60. Mwishoni, kati ya watu 53 waliopimwa upande wa asali, wanne walikuwa wamepata nafuu iliyokusudiwa. Kati ya watu 53 wa upande wa sabuni peke yake, alikuwa mmoja. Nne dhidi ya moja ni tofauti inayoweza kuletwa na bahati, na taarifa iliyotoka mwaka 2016 ilikiri hivyo: hapakuwa na ushahidi kwamba asali iliongeza chochote.

Maelezo yanayoelekea zaidi ni ya kimaumbile. Chunusi haianzii juu ya ngozi. Huanzia ndani ya kitundu cha unywele, mahali ambapo mafuta yanayochochewa na homoni hukutana na seli zilizokufa zikaziba njia. Asali inayokaa juu ya ngozi kwa nusu saa kisha ikaoshwa haina njia ya kufika huko. Kijana anayetumia fedha zake kununua asali kwa ajili ya chunusi zinazoacha makovu anapoteza miezi ambayo angeitumia kwa dawa zilizothibitishwa, na kovu la chunusi halirudi nyuma.

Jaribio la tatu lilikuwa kubwa kuliko hayo yote. Lilihusu vidonda vya homa mdomoni, vile vinavyoletwa na virusi vya herpes na ambavyo mtu huvipata tena na tena. Wafamasia katika maduka ya dawa 76 waliwaandikisha watu wazima 952, wakawapa ama asali ya kanuka ama krimu ya asiklovia ya asilimia 5, ya kupaka mara tano kwa siku. Ngozi ilirudi katika hali yake ya kawaida kwa siku 8 upande wa asiklovia na siku 9 upande wa asali, tofauti ambayo kitakwimu haikuwa na uzito. Taarifa yake ilipotoka mwaka 2019, ilikuwa rahisi kwa msomaji mwenye haraka kuhitimisha kwamba asali ni sawa na dawa ya virusi. Asiyekuwa na haraka angeuliza kwanza krimu ya asiklovia yenyewe inafanya kazi kiasi gani, na jibu ni kwamba hufupisha vidonda hivi kwa muda mdogo, pengine nusu ya siku au siku nzima. Kulingana na mkimbiaji wa polepole si jambo la kutangazia mbio.

Asali ni moja, watafiti ni wa taasisi moja, na majibu ni matatu: faida ya wastani, hakuna faida iliyoonekana, na hakuna tofauti na dawa isiyo na nguvu nyingi.

Miaka mingi kabla ya hapo, Noori Al-Waili, aliyekuwa akifanya kazi Dubai, aliipima asali ghafi kwa ugonjwa unaojulikana sana Afrika Mashariki: mba sugu na ugonjwa wa ngozi yenye mafuta, unaoshika kichwa, uso na kifua na kuacha magamba na mwasho. Ugonjwa huu unahusishwa na fangasi wa jamii ya Malassezia wanaoishi kwenye ngozi ya kila mtu, na huwa mkali zaidi kwa watu wanaoishi na VVU ambao kinga yao imeshuka. Wagonjwa walikuwa 30. Walipaka asali iliyozimuliwa kwa maji ya vuguvugu, asali ikiwa asilimia 90, kila baada ya siku moja. Waliisugua taratibu kwa dakika mbili au tatu, wakakaa nayo saa tatu, wakaiosha. Saa tatu hizo zina busara yake, kwani aliyewahi kulala na asali kichwani katika nyumba yenye sisimizi hahitaji kuelezwa zaidi.

Taarifa ya mwaka 2001 inasema mwasho na magamba viliondoka ndani ya wiki moja, na vidonda vikapona ndani ya wiki mbili. Wagonjwa wote walionyesha nafuu. Lakini katika wiki hizo za mwanzo hapakuwa na kundi la kulinganisha, na ugonjwa huu nao hupanda na kushuka. Kichwa kinachosuguliwa na kuoshwa kwa maji ya vuguvugu kila baada ya siku moja kitapoteza magamba hata kama kilichosuguliwa ni uji. Sehemu yenye nguvu zaidi ya utafiti ilikuja baada ya wiki nne: nusu ya wagonjwa waliendelea kupaka mara moja kwa wiki kwa miezi sita, nusu wakaacha. Walioendelea, hakuna aliyerudiwa na ugonjwa. Kati ya 15 walioacha, 12 walirudiwa katika muda wa miezi miwili hadi minne. Hapo ndipo ulinganisho ulipopatikana, na unadokeza kwamba asali, au kule kuosha, kulikuwa kunauzuia ugonjwa bila kuung'oa. Shampuu ya ketokonazoli, inayopatikana katika maduka mengi ya dawa na iliyothibitishwa kwa ugonjwa huu, haikuwekwa kwenye mizani ile.

Nako Isfahan, nchini Iran, matumaini yalipindukia upande wa pili. Watafiti huko waliwatibu wagonjwa wa lishmania ya ngozi, ugonjwa wa vidonda unaoenezwa na usubi na ambao nchini Kenya huonekana katika baadhi ya maeneo ya Bonde la Ufa. Kundi moja lilichomwa sindano ya glukantime ndani ya kidonda mara moja kwa wiki. Kundi la pili lilipata sindano hiyo hiyo na kupakwa asali mara mbili kwa siku. Kwa waliotibiwa kwa sindano peke yake, asilimia 71 walipona kabisa. Kwa waliopakwa na asali, walipona asilimia 51. Matokeo haya ya mwaka 2007 yangefaa kubandikwa katika kila kliniki ambako husemwa kwamba asali, hata isiposaidia, haidhuru.

Kwa majeraha habari ni tofauti, na ni vema wahudumu wasiichanganye na habari ya magonjwa ya ngozi. Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2015, yaliyokusanya majaribio 26 yenye washiriki 3,011, yalikuta kwamba majeraha ya moto yasiyopenya ngozi yote hupona mapema kwa siku nne au tano yakifungwa kwa asali kuliko yakifungwa kwa baadhi ya vifungio vya kawaida. Hiyo ni faida halisi. Lakini jeraha la moto linahitaji kwanza maji safi ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20, ndipo lipimwe ukubwa na kina chake. Mtoto aliyemwagikiwa uji wa moto akapakwa asali ya jikoni juu ya ngozi ambayo bado ina joto amecheleweshewa tiba aliyoihitaji mapema zaidi. Na kwa vidonda vya miguu vinavyotokana na mishipa ya damu, jaribio la New Zealand la mwaka 2008 lenye watu 368 halikuona ushahidi wa kutosha kwamba asali iliharakisha kupona, ila waliofungwa nayo walilalamika maumivu zaidi.

Linabaki swali la chupa yenyewe. Asali iliyotumika hospitalini katika tafiti nyingi huwa imepigwa mionzi ya gamma, ambayo huua chembe sugu za bakteria wa Clostridium botulinum bila kuharibu kimeng'enya kama joto linavyofanya. Asali ya sokoni haijapita huko. Inaweza kuwa safi kabisa, au imetiwa sukari iliyochemshwa, au imebaki na masizi ya moshi wa kurinia. Asali ya nyuki wadogo, pamoja na sifa zake zote, huwa na maji mengi kuliko ya nyuki wakubwa na huchachuka upesi. Mgonjwa mwenye kidonda kilicho wazi hapaswi kupaka asali asiyojua asili yake. Mwenye mzio wa nyuki au chavua aiepuke. Mwenye ngozi isiyo na michubuko anayetaka kuijaribu kwa mba anaweza kwanza kuipaka kidogo ndani ya mkono na kungoja siku moja, kisha amweleze mhudumu wake, naye mhudumu aliandike jambo hilo katika faili kama anavyoandika dawa nyingine. Asali isilambishwe mtoto asiyetimiza mwaka mmoja, hata iwe safi kiasi gani.

Asali ya miombo ina haki ya kupimwa kwa ukamilifu kama ya kanuka ilivyopimwa, na ugonjwa wa ngozi yenye mafuta ungekuwa mahali pazuri pa kuanzia. Chupa zingeandikwa kijiji, msimu na maua. Maji na kimeng'enya vingepimwa kabla. Kundi moja lingepaka asali, la pili sharubati ya sukari iliyotiwa rangi na kunata vivyo hivyo, ili wagonjwa wasitofautishe kwa urahisi, na la tatu lingeosha kwa ketokonazoli. Watu wanaoishi na VVU walioanza dawa za kufubaza virusi hivi karibuni wangehesabiwa peke yao, maana ngozi zao huimarika kadiri kinga inavyorudi, na asali ingejipatia sifa isiyo yake. Kipimo cha alama nacho kingehitaji kuundwa upya. Vipimo vingi vinavyotumika vinategemea wekundu, na katika ngozi nyeusi ugonjwa huu mara nyingi huacha mabaka yaliyopauka badala ya mekundu. Mpimaji angepaswa kuamua, kabla mgonjwa wa kwanza hajapakwa chochote, kama baka linalobaki baada ya magamba kwisha lihesabiwe kuwa ni ugonjwa, au ni rangi tu ambayo itajirudia yenyewe baada ya miezi kadhaa.